LAITI TUNGEKUWA KAMA SIMBA NA YANGA

Na Mwenye Duka, Kariakoo



Katika mikutano yetu ya siku hizi limezuka neno ambalo wasemaji wetu, wakubwa kwa wadogo, hawashuki jukwaani bila ya kulitaja. Neno lenyewe ni hili: "Siasa si Simba na Yanga." Msemaji hulitamka huku kainua kidole, wasikilizaji humpigia makofi, na kila mmoja hurejea kwake akiamini kwamba ameonywa jambo kubwa. Maana yake, kama nilivyoifahamu mimi, ni kwamba mpenzi wa mpira ni mtu aliyeiweka akili yake kando, aliyeirithi timu kwa baba yake kama alivyoirithi pua, na kwamba mwanachama wa chama cha siasa yampasa awe bora kuliko mtu huyo.

Mimi neno hili silikubali, na naomba nafasi katika karatasi yetu hii nieleze kwa nini. Sisemi kwa elimu, kwani elimu yangu ni ya chuoni, nilikohitimu kwa ubao na bakora, na baada ya hapo ni ya mizani na daftari la mikopo. Nasema kwa kuona. Nilivuka kutoka Pemba mwaka 2003, na tangu hapo nauza khanga na vitenge Kariakoo, karibu na Mtaa wa Kongo, mahali ambapo mtu hawezi kupita pasi na kusukumwa. Upenuni pa duka langu pana benchi la mbao. Sikuliweka mimi, nililikuta, na aliyeniachia duka aliniusia nisiliondoe, kwani benchi lile, alisema, ndilo linaloleta wateja. Alikosea. Wateja haliwaleti hata mmoja, bali huleta watu wasionunua kitu, wakanywa kahawa, wakala kashata, wakahukumu ulimwengu mzima tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Kwa miaka yote hii nimewasikiliza watu hao huku napima vitambaa, na kwa hiyo nadhani nawajua Simba na Yanga kuliko baadhi ya wasemaji wetu wanaowatolea mfano.

Yafaa kwanza nikumbushe asili, kwa faida ya vijana. Klabu ya Young Africans, ambayo sote twaiita Yanga, iliundwa mwaka 1935, na mwaka wa pili yake baadhi ya wenziwao walitoka wakaunda klabu yao, iliyokuja kujulikana kwa jina la Sunderland mpaka mwaka 1971 ilipojiita Simba. Basi ni watoto wa tumbo moja waliogombana wangali wadogo. Makao ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi, na ya Yanga yapo kwenye pembe ya Mtaa wa Twiga na Jangwani, na mtu aweza kutoka huku akafika kule kwa miguu kahawa yake haijapoa. Watu wa klabu hizi mbili hununua katika maduka yale yale, husali katika misikiti ile ile, na huoleana. Benchi langu lina pande mbili: upande wa mkono wa kulia hukaa mzee mmoja fundi cherehani, Yanga tangu ujana wake, na upande wa kushoto hukaa kijana mpakia mizigo, Simba wa damu. Mimi mwenyewe ni Simba, na nalisema hili mapema ili asije mtu akasema nimelificha.

Sasa natizame mwanachama mwenzangu jambo la kwanza, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Katika miaka yangu yote hapa sijapata kumsikia mtu wa Simba akikana kwamba tarehe 1 Juni 1968 timu yake, wakati ule ingali Sunderland, ilifungwa na Yanga mabao 5 kwa 0. Wala sijapata kumsikia mtu wa Yanga akikana kwamba tarehe 19 Julai 1977 walifungwa na Simba mabao 6 kwa 0, na kwamba matatu katika hayo yalitiwa na Abdallah Kibadeni. Mzee wangu fundi cherehani aliyaona yale sita kwa macho yake. Ukimuuliza hutazama pembeni, hujikohoza, husema mlinda lango alikuwa na homa. Lakini hasemi yalikuwa matano, wala hasemi mchezo ule haukuchezwa. Tarehe 6 Mei 2012 tuliwafunga tena 5 kwa 0, naye alilipa kahawa ya benchi zima kwa kuwa ndivyo walivyoandikiana. Na tarehe 5 Novemba 2023, siku ya Jumapili ambayo ni afadhali nisiieleze, walitufunga 5 kwa 1. Kesho yake sikufungua duka mpaka saa 4 asubuhi, na nilipofika nilikuta pameandikwa kwa chaki kwenye mlango wangu tarakimu ya 5, kubwa kama mtoto mchanga. Niliifuta. Lakini sikusema si kweli.

Hesabu ile hukubaliwa kwa sababu imeonekana. Bao huingia mbele ya watu elfu sitini na wengine wasio na idadi walio mbele ya televisheni na redio, na pale pale huandikwa ubaoni, na hapana mtu aliyepewa uwezo wa kwenda chumbani akakaa siku tatu kisha akatoka na hesabu nyengine. Mwamuzi aweza kukosea, naam, na aweza hata kuhongwa, na benchi langu limewahi kumtukana mwamuzi mmoja mpaka nikawaomba wastahi wateja wa kike. Lakini kukosea kwake huonwa na wote wakati ule ule. Sisi tulio visiwani tunayo tarehe yetu, 28 Oktoba 2015, ambapo mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alitangaza kwamba uchaguzi tuliopiga siku tatu nyuma umefutwa wote, na Machi ya mwaka 2016 ukafanywa mwengine ambao chama kikubwa cha upinzani hakikuingia. Siku ile nilikuwa dukani. Mzee wangu wa Yanga, ambaye katika siasa si mwenzangu hata kidogo, alikaa kimya muda mrefu kisha akanambia, "Mpemba, hata sisi yale sita hatukuomba yafutwe." Hakuongeza neno, akarudi cherehanini kwake.

Jambo la pili ni masuali. Wasemaji wetu hudhani kwamba mpenzi wa mpira hupenda kwa upofu. La hasha! Nendeni mkamsikilize siku timu yake imefungwa. Atauliza kwa nini yule alichezeshwa na huyu akaachwa nje, mshahara wa mwalimu ni kiasi gani, fedha za kiingilio zimekwenda wapi, na mwenyekiti alikuwa wapi. Baada ya yale matano ya 2023, Simba ilifungwa Jumapili, na ilipofika Jumanne mwalimu wake, Mbrazili aitwaye Robertinho, alikuwa ameshaachana na klabu. Siku mbili! Sisemi hukumu ile ilikuwa ya haki, kwani kosa la watu kumi na mmoja haliwi la mtu mmoja, na mpaka leo naona walimwonea. Nasema tu kwamba waliuliza, na wakajibiwa kabla ya wiki kwisha. Nani katika sisi amepata kumwuliza sheha wake jambo akajibiwa kwa siku mbili?

Na wasiporidhika, hutoka. Katika miaka ya 1970 wana-Yanga waligombana wao kwa wao mpaka wengi wao, na wachezaji wazuri miongoni mwao, wakajitenga wakaunda Pan African. Simba nao yaliwapata kama hayo, ikatoka Nyota Nyekundu. Waliobaki waliwaita wenzao wasaliti, kama ilivyo ada, na baadae waliamkiana. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikusanywa mkutanoni wakaelezwa khabari ya kumtia mwekezaji, Mohammed Dewji, na mpaka leo benchi langu halijamaliza kuuliza zile asilimia 51 zilizobakishwa kwa wanachama zinafanya kazi gani. Yule kijana mpakia mizigo, ambaye hesabu ya shuleni aliiwacha darasa la tano, hunieleza mambo ya hisa kwa ufasaha ambao karani wa benki hana. Kajifunza wapi? Kajifunza kwa sababu kitu ni chake na kakiogopea.

Hapa naomba nisimame kidogo katika mkasa mmoja, kwani unatuhusu sisi wa visiwani khasa. Mnamkumbuka Feisal Salum, kijana wetu wa Unguja, aliyetoka JKU akaja Yanga mwaka 2018, akapendwa mpaka jina lake likawa Fei Toto. Mwishoni mwa mwaka 2022 alisema ataka kuondoka, na kwamba yuko tayari kuulipa mkataba wake. Yanga walikataa. Shauri likapelekwa kwenye kamati ya Shirikisho la mpira, na kamati ikahukumu kwamba kijana angali mchezaji wa Yanga. Naye hakurudi kucheza. Miezi mitano au sita benchi langu halikuwa na jengine. Upande wa Yanga walimwita msaliti asiye na shukrani. Upande wa Simba, ambao ungedhaniwa utafurahi, ulikuwa na hofu kwamba mlango huo ukifunguliwa kesho wao nao watakimbiwa. Mtu wa kwanza kusema neno la maana alikuwa yule fundi cherehani. Alisema, "Mimi ni Yanga na Fei kaniumiza. Lakini nilipokuwa kijana nilishona kwa tajiri mmoja miaka minne, na nilipotaka kuondoka alinizuilia cherehani yangu. Basi siwezi kusema kijana hana haki ya kuondoka." Kuanzia siku ile maneno ya benchi yaligeuka. Watu waliacha kusema Yanga na Simba wakaanza kusema tajiri na kibarua, mkataba wasomewa nani na wawekwa saini na nani, na mtu asiyejua sheria afanyeje mbele ya wanaoijua. Wapagazi wawili waliokuwa wakipita walisimama na mizigo kichwani kusikiliza.

Mwisho wake mnaujua. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wakafungwa na USM Alger 2 kwa 1 hapa Dar es Salaam tarehe 28 Mei 2023, wakaenda Algiers wakashinda 1 kwa 0, na kombe wakalikosa kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Waliporudi walialikwa Ikulu, na huko Rais Samia akawaomba jambo la Feisal limalizwe. Likamalizwa, na mwezi ule ule kijana akahamia Azam. Benchi zima lilifurahi, kisha mzee yule akasema, "Kumbe mkataba hauvunjwi kwenye kamati, huvunjwa Ikulu," na furaha ikapungua. Kwani ni kweli kijana alipata aliloomba, lakini aliyelipata kwa ombi la mkubwa hajalipata kwa haki yake, na wa pili wake atakayetaka kuondoka huenda asiwe na mwenye kumwombea. Nawauliza wasemaji wetu: mazungumzo kama haya ni ya watu walioweka akili kando?

Sitaki kuwapamba kuliko haki yao. Simba na Yanga wana aibu zao, na nyengine ni kubwa. Tarehe 8 Machi 2025 watu walikuja kutoka mikoani kwa mabasi, wengine wakiwa wamefunga, kwani ulikuwa mwezi wa Ramadhani, wamenunua tiketi za kutazama watani hao wakipambana. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walisema wamezuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, kwa hiyo hawachezi. Bodi ya Ligi ikauahirisha mchezo siku ile ile, Yanga wakasema hawatacheza siku nyengine yoyote, na mashauri yakafika mpaka mahkama ya michezo ng'ambo. Mchezo ulikuja kuchezwa tarehe 25 Juni na Yanga wakatufunga 2 kwa 0. Ama wale waliokuja kwa mabasi, hao hakuna aliyewataja. Na fedha nazo zimeingia kwa wingi kiasi cha kutisha. Mwenye mfuko ndiye mwenye sauti, na mwanachama wa kadi, ambaye zamani alichangia senti ya nauli ya wachezaji, amegeuzwa kuwa mnunuzi wa jezi. Kisha kuna zile zawadi zilizoitwa Goli la Mama, ambapo mwaka 2023 Rais aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na baadae zikapandishwa. Kijana wangu alishangilia. Mimi nilimwuliza, "Na wewe uliyebeba marobota tangu alfajiri, bao lako nani kalihesabu?" Alicheka, akaniambia mimi ni mtu wa upinzani, siwezi kufurahi.

Huenda kweli. Lakini nendelee.

Jambo la tatu ndilo zito, nalo ni utani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na wanaolitumia neno hili leo wameshasahau uzito wake. Mtani kwa mila zetu za pwani na bara ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana msibani pako, na ni yeye huyo anayekuchimbia kaburi. Nimeona hilo kwa macho yangu. Alipofariki mke wa fundi cherehani, walioleta jeneza walikuwa vijana wa upande wa pili wa benchi, na mmoja wao akamwambia mzee, machozi yakimtoka, "Mama alikuwa mtu mzuri, kosa lake moja tu kuolewa na Yanga." Mzee akacheka, kisha akalia. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo na kuua watu wengi, kabla ya mashine kufika watu walichimba kwa mikono, na aliyesikia sauti chini ya kifusi hakuuliza ni ya nani. Na mwezi wa Mei 2023, sisi wenye maduka tulipofunga milango kwa ajili ya kodi na ukamataji wa mizigo, mpaka Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kutusikiliza, katika safu yetu hapakuwa na upande wa kulia wala wa kushoto. Duka la Yanga lilifungwa, na la Simba lilifungwa.

Sasa turudi kwetu. Wazee wetu walituhadithia hali ilivyokuwa Unguja na Pemba baada ya uchaguzi wa Julai 1957. Watu waligomea maduka ya wenziwao kwa ajili ya chama. Mtu aliacha basi likapita kwa kuwa mwenye basi si wa upande wake. Majirani waliacha kuzikana. Mimi sikuwapo. Lakini baada ya uchaguzi wa 1995 nilikuwapo, kijana mwenye akili zangu, na niliona Pemba jinsi mtu alivyoacha kununua chumvi kwa jirani akaifuata mwendo wa saa nzima, na jinsi harusi ilivyofanywa bila ya ami ya bibi harusi. Nimekuwa muuza duka muda mrefu, na nawaambieni hakuna kitu kinachoonesha chuki kama duka. Katika daftari langu la mikopo hapa Kariakoo mdeni mkubwa kuliko wote ni Yanga, na humdai kila Ijumaa, na hunitukana kila Ijumaa, na hulipa. Kule kwetu mwaka ule hapakuwa na daftari la namna hiyo. Hatukuwa kama Simba na Yanga, laiti tungekuwa!

Nisije nikaonekana nimewageuza watu wa Kariakoo malaika, nieleze na hili. Desemba 2017, katika mashindano ya Chalenji huko Kenya, Zanzibar yetu iliifunga Tanzania Bara 2 kwa 1. Mwaka ule ule, mwezi wa Machi, tulikuwa tumepokewa na Shirikisho la Afrika kuwa mwanachama kamili, na Julai tukavuliwa uanachama kwa hoja kwamba sisi si nchi. Basi jioni ile ya Chalenji benchi langu, kulia na kushoto, liliungana dhidi yangu mimi mtu mmoja. Waliniambia ushindi wetu ni wa kijiji dhidi ya mji. Niliwajibu nilivyojaaliwa. Siku ya fainali, tulipotoka 2 kwa 2 na Kenya kisha tukashindwa kwa mikwaju ya penalti, wale wale walikuja mmoja mmoja kunipa pole, na kijana wa mizigo akanambia kwa sauti ya chini kwamba yeye usiku ule alikuwa Mzanzibari. Na sisi tuna letu la kujibu: tarehe 25 Mei 2025 Simba walipoletwa Amaan kucheza fainali na Berkane ya Morocco, wakatoka 1 kwa 1 baada ya kufungwa 2 kwa 0 ugenini, watu wa Unguja waliujaza uwanja kwa mavazi mekundu. Mlandege, waliowafunga Simba hao hao 1 kwa 0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi mwezi wa Januari 2024, hucheza ligi mbele ya viti vitupu. Ndugu zangu, mapenzi ya mbali ni rahisi. Nami najua, kwani najihesabu.

Mtu aweza kunijibu kwamba watu wa Kariakoo huzungumza mpira kwa sababu wameogopeshwa kuzungumza mengine. Hili silipingi. Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulipozusha ghasia Dar es Salaam, watu wakauawa, ikatoka amri ya kutotembea usiku, na intaneti ikakatwa, duka langu lilikuwa limefungwa na benchi limelazwa ndani. Nilipolitoa tena, watu walirejea mmoja mmoja, wakakaa pande zao kama kawaida. Muuza kahawa alipita, akamimina. Hakuna aliyesema neno kuhusu siku zile. Walizungumza mpira: nani kaumia goti, nani atacheza kiungo. Lakini nilikuwa nasikiliza huku napima kitambaa, na nilitambua kwamba kila mmoja alikuwa akiwahesabu wenziwe. Kijana mmoja aliyezoea kukaa mwisho wa benchi hakuwapo, na mzee wa Yanga akauliza, "Yule beki wetu wa pembeni yuko wapi?" Akajibiwa yuko kwao bara, mzima, atarudi. Mzee akasema alhamdulillahi, akaendelea na khabari ya goti. Mpira ulikuwa shuka waliyojifunika wapate kuulizana hali, na walipoulizana hapakuwa na Simba wala Yanga.

Basi nimefika nilipokuwa nakwenda. Tawi langu nilijiandikisha nyumbani, si hapa, na ada yangu huipeleka kwa mkono wa mtu kila mwaka. Kwa miaka 3 nimepeleka na stakabadhi nimepata, hilo silikani. Lakini katika miaka hiyo 3 sijasikia hesabu ya tawi ikisomwa mbele ya wanachama, wala sijajua fedha ya kukodi magari ya mkutano ilitoka wapi na ilibaki kiasi gani. Niliuliza kwa simu. Nilijibiwa, na aliyenijibu ni mtu mwema ambaye simtaji, kwamba masuali ya namna hiyo humpa adui nafasi, na kwamba mwanachama wa kweli huamini. Niliposimulia jibu hili kwenye benchi, kijana wangu wa mizigo alistaajabu. Akaniuliza, "Sasa Sheikh, nyinyi mkifungwa, huwa mnamuuliza nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Sura ya Wapunjao tuliisoma chuoni sote, mimi na viongozi wetu, na hakuna aliyetuambia kwamba ni ya wenye maduka peke yao. Tunadai, na tuna haki kudai, kura zetu zihesabiwe mbele ya macho ya watu. Mtu anayedai hivyo hawezi kuficha daftari la tawi chini ya godoro.

Mkutano wa tawi ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Duka nitamwachia fundi cherehani, ambaye ameapa kwamba atanitundikia bendera ya kijani na manjano mlangoni nikiwa safarini. Nitavuka kwa boti ya asubuhi, stakabadhi zangu 3 zikiwa mfukoni, na nitakaa safu ya mbele.